Kifua cha Nyapara

Nyapara hakuwa mtu wa kukohoa. Naanza hapo kwa sababu yeye mwenyewe angeanzia hapo. Miaka yote niliyomfahamu, na ni mingi, sikuwahi kumsikia akikohoa hata kwa pilipili. Alikuwa msimamizi wa kikosi cha moto cha ofisi ya misitu hapa Mpanda, watu kama ishirini walioajiriwa kila kiangazi kuzuia misitu ya hifadhi isiungue. Mji mzima ulimwita Nyapara, kuanzia mabosi wake wa ofisini mpaka kina mama wauza nyanya wa Kashaulili. Mimi ni mke wa mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, kwa hiyo usoni nilimwita shemeji na mgongoni nilimwita Nyapara kama watu wengine. Alizaliwa wapi na alikujaje mjini, waulizeni wengine. Mimi nasimulia niliyoyaona.

Mtu asidhani kikosi kile kilikuwa na gari jekundu na mipira ya maji. Hakuna. Walikuwa na mapanga, majembe, reki, na matawi mabichi ya kupigia moto. Mwezi wa tano na wa sita walifyeka njia pana msituni ili moto ukifika pale ukose cha kula. Kuanzia wa saba watu wa vijijini wakaanza kuchoma: mfugaji anataka majani mapya, mrina asali kaacha kijinga chake cha moto, mkulima kasafisha shamba upepo ukamshinda. Hapo kikosi kinaondoka kwa baiskeli na kwa miguu, siku tatu, siku nne, na wakirudi unawajua kwa harufu kabla hujawaona.

Nyapara alikuwa anausoma moshi. Hilo lazima nimpe, hata nikiwa na hasira naye nampa. Alikuwa anasimama, anainua kidevu, ananusa, halafu anawaambia watu wahame upande. Moshi wa nyasi kavu alisema ni mwepesi na unawasha, wa majani mabichi unabana, wa mti mkubwa ulioshika ndani una utamu. Kwa pua tu alijua moto umegeukia wapi. Mara moja kule njia ya Inyonga aliwatoa watu wote kwenye bonde lililokuwa halina hata cheche, wakamnung'unikia, na kabla hawajamaliza kunung'unika bonde lote likawaka. Mume wangu, aliyekuwa mmoja wao, alinisimulia hilo kabla hajavua viatu.

Lakini huyo huyo, asiyeogopa ukuta wa moto, alikuwa anaogopa sindano. Walipokuja watu wa chanjo ofisini kwao alikaa kwenye benchi kwa ushujaa mkubwa, akakunja mkono wa shati, akaiona sindano, akaenda chini mzima mzima. Nililicheka jambo hilo mwaka mzima. Nikimwona anakuja nyumbani nilikuwa nawaambia watoto ficheni pini, mgeni ana roho nyepesi. Naye alikuwa hakasiriki. Alikuwa anacheka kwa kutikisika mabega, anakaa kwenye kigoda, anatoa kwenye mfuko wake chupa ya asali aliyoniletea, anasema, shemeji, watu wa ziwani mna midomo.

Mimi kwetu ni Kapalamsenga, pwani ya ziwa Tanganyika. Mama yangu alibanika samaki, migebuka, kwenye moshi maisha yake yote. Nyapara aliposikia hivyo, siku ya kwanza naletwa kwake nikiwa mchumba, aliniuliza swali moja tu: mama yako anakohoa? Nikasema hakohoi. Akamwambia mdogo wake huyu oa. Nilidhani ni utani. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwa mtu yule hilo ndilo swali lenyewe.

Maana ndivyo alivyochagua watu wake wa kazi. Kila mwaka kabla ya kiangazi walipanga mstari mbele ya ofisi, wakulima wa Misunkumilo, vijana wa mjini, Warundi wakimbizi wa Katumba waliopata kibali, wote wanataka kazi. Nyapara anawakimbiza mpaka stesheni ya treni na kurudi. Mtu akifika, kabla hajapumzika, anasimamishwa mbele yake ataje baba yake na amekufa kwa nini kama amekufa, babu yake, baba zake wadogo na wakubwa, shangazi zake, mmoja mmoja, na ugonjwa wa kila mmoja. Anayekatika pumzi katikati anarudi kwao. Mwenye watu wawili wa ukoo waliokufa kwa kifua anarudi kwao, hata kama amekimbia kama swala. Alisema kifua mtu hakinunui, anapewa na kwao. Watu walimcheka, wengine wakamwita mganga. Lakini kusema kweli, wengi aliowachukua walidumu, na waliodanganya kuhusu baba zao walionekana kiangazi hakijaisha.

Mtu mmoja tu hakupimwa hata siku moja. Huyo ni mume wangu. Nyapara alisema, huyu wa nini kumpima, huyu ni mimi.

Na akampa kazi ya kuwasha. Nieleze kidogo. Moto mkubwa haupigwi kwa matawi, unakuchoma. Mnachofanya ni kuwasha moto wenu kwenye ile njia iliyofyekwa, uende ukutane na ule mkubwa, ukose cha kula ufe. Anayewasha anashika mwenge wa nyasi, anakimbia pembeni ya njia anagusa hapa na pale, na moshi wote wa mwanzo ni wake. Kazi hiyo inataka mtu asiyebabaika, na mume wangu Baba Pendo hababaiki. Ni mpole mpaka anaudhi. Walifanya kazi hiyo wawili kama mtu na mkono wake, kaka ananusa, mdogo anawasha, wala hawaitani majina.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda sokoni Kashaulili. Mwaka mmoja nilipata kipande cha marekani nzuri, nikakaa nikashona vitambaa vya kufunga puani, viwili viwili vimeshikana, na kamba za nyuma, ishirini kamili. Nikavipeleka ofisini nimevikunja vizuri. Nyapara akanishukuru mbele ya watu wote. Wiki iliyofuata namkuta nyumbani kwake anachujia asali kwa kitambaa changu, na kingine kimefunga kiti cha baiskeli. Nikamuuliza, shemeji, ndiyo nini hii? Akanieleza bila aibu kwamba mtu aliyefunga pua hanusi, na asiyenusa ataungua, na yeye akijifunga watajifunga wote, na wote wataungua. Alikuwa na sababu. Watu wabishi wa aina yake wana sababu kila siku, ndiyo maana huwawezi.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Baba Pendo alianza kwa kuchelewa. Wenzake wanafika, yeye anafika baadaye anasukuma baiskeli badala ya kuipanda. Halafu kikohozi kikavu cha alfajiri. Halafu nikaona kiangazi kimekwisha, mvua zimenyesha, moshi hakuna, na kikohozi kimebaki. Mwaka uliofuata akaanza kulala ameketi, mgongo ukutani, mto kwenye magoti. Nikamwambia Nyapara. Akasema uchovu huo, mpe supu. Nikamwambia tena. Akasema mdogo wake amezoea kudekezwa tangu utotoni, na kwamba wao wamekula moshi mmoja, sufuria moja, titi moja, sasa iweje mmoja augue na mwenzake awe mzima? Aliuliza kama mtu anayemaliza mjadala.

Baba Pendo alikonda. Miaka ile ya tisini mtu akikonda na kukohoa watu wamekwisha kujua, hawahitaji daktari. Wateja wangu wawili walichukua vitambaa vyao kabla sijavishona. Nikampeleka mume wangu hospitali, wakapima makohozi mara tatu, TB hakuna. Wakapima na damu, ile mnayoifikiria, hakuna. Nilirudi sokoni nikasema kwa sauti ili wasikie. Sikuona haya, haya ya nini?

Baadaye alipita daktari wa vifua kutoka hospitali kubwa ya mbali, mama mmoja mfupi mwenye miwani, anakaa siku mbili halafu anaondoka. Alimsikiliza Baba Pendo mgongoni muda mrefu sana, akampulizisha kwenye kidude cha bomba, akasema anataka kuongea na mtu wa ukoo, mkubwa. Nikamfuata Nyapara ofisini. Alikuja amevaa shati la Jumapili, na alikaa mbali na meza yenye sindano.

Daktari akamuuliza habari za ukoo. Basi si ndiyo swali lake? Alinyoosha mgongo akaanza, baba, uzee, babu, uzee, baba mkubwa, aliumwa na nyoka, shangazi, uzazi, mwingine uzee. Hakuna kifua. Alitaja watu kama kumi na wawili bila kuvuta pumzi mara mbili, na nilimwona daktari anaandika yote.

"Na upande wa mama?" daktari akauliza.

Nyapara akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za kijiji kingine. Akasema, upande wa mama si ukoo wetu.

Daktari hakubishana. Alingoja tu, kalamu mkononi. Aliyejibu ni mume wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kitanda shati limefunguliwa. Alisema taratibu, kwa sababu wakati ule maneno matano yalikuwa kazi kwake:

"Mjomba alikuwa analala ameketi."

Nikaona uso wa Nyapara unabadilika. Mjomba yule alikuwa mrina asali, na mrina asali na moshi ni kitu kimoja. Hakuvuta sigara, hakunywa. Alikufa ameegemea mti wa mninga, na wao wawili ndio waliomkuta. Nyapara alilijua hilo siku zote. Ila katika wale watu wote aliokuwa akiwahoji mwaka baada ya mwaka, hakuna hata mmoja ambaye yeye alimuuliza habari za mjomba, maana katika hesabu yake mjomba alikuwa mtu wa watu wengine.

Daktari akatueleza, na alieleza vizuri, nami sijasahau. Alisema moshi ukiingia kifuani mwili unatuma askari wake kwenda kupambana nao. Kwa watu wengine askari wale wanafanya kazi, wanafagia, wanarudi kambini. Kwa wengine hawarudi. Adui amekwisha kuondoka, wao bado wanapiga, na hapo wanachopiga ni pafu lenyewe, mpaka linakuwa gumu, halitanuki. Mtu anazaliwa na askari wa namna yake, anapewa na baba na mama wote wawili, na watoto wa tumbo moja hawapewi sawa, kama vile mmoja anavyorefuka na mwingine akabaki mfupi. Akasema pia kwamba yeye mwenyewe hajui yote, hata huko vitabuni bado wanatafuta. Lakini moja analijua: huyu asinuse moshi tena. Kilichokufa hakirudi, kilichobaki kinatosha kama kikitunzwa.

Nyapara akauliza, "Mbona mimi sina?"

"Kwa sababu hukupewa," daktari akasema. "Hukufanya lolote zuri, na yeye hakufanya lolote baya."

Tukatoka nje. Nyapara alimpandisha mdogo wake kwenye baiskeli nyuma, akaisukuma mpaka nyumbani Misunkumilo hatua kwa hatua, kwa kutembea, na mimi nyuma yao. Nilifurahi siku ile. Nilijua sasa amesikia, si kutoka kwangu, kutoka kwa mtu aliyesoma, na ukorofi wake umekwisha.

Kiangazi kilichofuata Baba Pendo alikaa nyumbani. Alinisaidia kukata vitambaa, akapata nyama kidogo mashavuni. Alianza hata kulala amejinyoosha. Kama kikiwekwa kitu kimoja mbele yangu niseme ndicho nilichokuwa nakitaka duniani, ni hicho, mume wangu alale amejinyoosha.

Siku moja mchana, jua kali, Nyapara akaja mbio na baiskeli. Moto umeingia hifadhi upande wa Sitalike, upepo umegeuka mara mbili, na yule waliyempa kazi ya kuwasha amebabaika, ameutupa mwenge akakimbia. Watu tisa walikuwa upande wa pili wa bonde na hawakuwa na njia ya kutoka bila mtu wa kuwasha mstari ule vizuri. Nilisimama mlangoni. Nilimwambia, shemeji, ulimsikia daktari. Akasema alimsikia. Nikamwambia tafuta mtu mwingine. Akasema hakuna mtu mwingine, ni siku moja tu, nusu siku. Hakunifokea. Afadhali angefoka.

Halafu akamwita mdogo wake kwa jina, juu ya bega langu. Na Baba Pendo akainuka, akatafuta viatu.

Nilimshika shati. Aliniambia niache, kaka ameita. Maneno hayo tu. Nimeishi nayo mpaka leo, na sijui bado kama namlaumu nani zaidi, aliyeita au aliyeitika.

Wale tisa walitoka. Wazima wote. Baadaye wake zao waliniletea unga na kuku, na mmoja alipiga magoti mbele ya kibanda changu watu wanatazama, nikamwinua. Baba Pendo aliwasha mstari wote kama nusu maili, mwanzo mpaka mwisho, hakukosea pahali. Walimrudisha kwenye baiskeli wamemfunga kwa kanga mgongoni kwa mwendeshaji asianguke. Tangu siku ile hakuwahi tena kufika mbali zaidi ya mlango wa ua wetu.

Na mimi sikuongea na Nyapara. Si kwamba nilitangaza ugomvi. Nilikuwa naingia ndani tu akija. Akaacha kuja mchana nikiwepo, akawa anakuja nikiwa sokoni, anakaa na mdogo wake wanasikiliza redio, anaondoka kabla sijarudi. Chupa ya asali naikuta mezani. Nilikuwa naigawa kwa majirani, sikuonja.

Nasikia alibadilika kazini. Nasikia mwaka ule ule alianza kuuliza habari za wajomba, na za mama, na za mama wa mama, na mistari mbele ya ofisi ikawa inachukua siku mbili. Halafu siku moja akaja kijana wa ofisi kibandani kwangu, akaagiza vitambaa vya puani ishirini na viwili. Nikamuuliza nani amekutuma. Akatazama chini. Nilishona. Nilivishona vizuri, tena nikaongeza tabaka la tatu.

Mwishoni mwa miaka ile Nyapara alistaafu. Nilikuwa naambiwa bado anapanda baiskeli mpaka Nsimbo na kurudi siku moja, mzee wa umri ule. Nilikuwa nakasirika nikisikia.

Sasa, kitu kimoja kilikuwa kinanishangaza. Huku kwetu Misunkumilo, pembeni ya mji, kila mtu ana shamba nyuma ya nyumba, na mwezi wa nane na wa tisa watu wanachoma mabua na magugu ndipo walime. Kila mwaka mji unajaa moshi. Lakini kwa miaka mitatu hivi, mashamba ya upande wa mashariki kwetu, upande upepo unakotokea, hayakuchomwa. Nilisema moyoni majirani wana utu siku hizi, wamemwonea huruma mgonjwa. Niliwashukuru hata kanisani.

Siku moja nilifunga kibanda mapema, kichwa kinaniuma, nikapita njia ya nyuma ya mashamba. Nikaona mtu ameinama kwenye shamba la Msukuma mmoja aliyehamia na ng'ombe zake, jirani yetu wa tatu. Anang'oa mabua kwa mkono, anayarundika, anayafukia kwenye shimo kwa jembe. Mzee. Shati limelowa mgongo mzima. Mwenye shamba amekaa pembeni kwenye kivuli cha ghala lake, anatazama bila haraka.

Nilisimama. Mwenye shamba akaniamkia, akasema huyu mzee anawalimia hivi kila mwaka, mashamba manne, ili wasichome. Mwanzoni walidhani amerukwa na akili. Akaniuliza kama namfahamu.

Nyapara akainuka, akaniona. Alikuwa na mavumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuwa anahema, hata kidogo. Mtu wa karibu miaka sabini, tangu asubuhi kwenye jua, na kifua kimetulia kama cha mtu aliyetoka kulala. Nilichukia kile kifua. Nakuambieni kweli, nilikichukia pale pale, halafu nikaona mikono yake imechanika na mabua, inatoka damu.

"Usimwambie, shemeji," akasema.

Sikumsamehe, mtu asije akasema nilimsamehe shambani. Nilivua viatu, nikachukua reki iliyokuwa chini, nikaanza mstari wa pili. Tulifanya kazi mpaka jua likapoa. Alipofika mwisho wa mstari wake alinisubiri.

Nilirudi nyumbani nimechelewa na miguu imejaa udongo. Baba Pendo alikuwa kwenye kiti chake, mto magotini. Akanitazama miguu. Nikaona hakuna maana ya kudanganya, nikamwambia nilikuwa na Nyapara.

Hakuuliza tunafanya nini. Alivuta pumzi, akaingoja ifike, akaniuliza kifua cha kaka yake kinaendeleaje.

Nikasema kizima.

"Mungu ashukuriwe," akasema mume wangu, na alikuwa anashukuru kweli.